Viatu Nje, Kompyuta Ndani

Sifa zimrudie Mungu Baba, aliyeumba mkono na akili ya kuutuma, akampa kila mtu kipimo chake wala asimsahau hata mmoja. Kwa neema yake nilifundisha, na kwa neema hiyo hiyo bado nina macho ya kuwaandikia ninyi, watoto wangu na wajukuu wangu, mnaofundisha kompyuta leo na mnaojifunza.

Kwenu kompyuta ni kitu cha mfukoni. Mnakilalia, mnakinywea chai, wengine mnaingia nacho kanisani na mimi nawaona. Sisi tulikiingilia bila viatu.

Chuo chetu kilikuwa hapa Eldoret, nyuma ya kanisa, na kilifundisha mambo ya ofisi: taipu, hatimkato, uwekaji hesabu. Mimi nilikuwa mwalimu wa taipu. Wanafunzi waliniita Madam Tabitha. Katika enzi zile za chama kimoja, kanisa rafiki la ng'ambo lilituletea kompyuta chache zilizokwisha tumika. Zilifika juu ya pikapu, zimefunikwa blanketi kama wagonjwa, na mkuu wa chuo, Bwana Lagat, alikuwa amekaa nyuma pamoja nazo akizishika kila gari liliporuka shimo. Alishuka mwekundu kwa vumbi toka nyusi hadi viatu. Blanketi lilipofunuliwa, mashine zilikuwa safi kuliko yeye.

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa amepelekwa Nairobi kwa mafunzo mafupi, akarudi na kitabu kinene cha Kiingereza. Kila asubuhi baada ya sala tulikaa wawili na kitabu hicho. Yeye alisoma kwa sauti, mimi nilibonyeza. Tulipokosea, alisema polepole, "Turudi nyuma, Tabitha. Hata Waisraeli walizunguka." Sikumbuki hata siku moja aliyonifanya nijione mjinga, na mimi nilikuwa nikitafuta kitufe cha kuwashia mashine upande wa mbele wakati kiko nyuma.

Chumba kizuri kuliko vyote chuoni kilitolewa kwa kompyuta. Bwana Lagat alitandika humo zulia la buluu la nailoni, nene, ambalo hata nyumbani kwake hakuwa nalo. Mlangoni akabandika kibao: VUA VIATU. Mtaalamu wa Nairobi alikuwa amemwonya kwamba vumbi ndilo adui wa mashine, na anayeijua Uasin Gishu mwezi wa kwanza, mahindi yakishavunwa na upepo ukifagia mashamba matupu, hatamlaumu. Malori ya magunia kutoka Moi's Bridge yakipita, ulikuwa unaweza kuandika jina lako juu ya dawati. "Mashine hizi zikifa," alikuwa akisema, "nani atatuletea nyingine?" Kanuni ile ilikuwa mapenzi yake kwa wanafunzi, ilivalishwa tu sura ya ukali.

Basi viatu vikapangwa nje kwenye ujia. Nilikuwa najua nani yumo darasani kwa kuangalia chini. Gambuti zilikuwa za Mama Selina, mkulima wa Moiben, mjane mwenye umri wa kunizidi, aliyetumwa na chama chao cha maziwa aje ajifunze kuweka hesabu kwa mashine. Mama Selina alikuwa akifuma soksi za sufu mwenyewe, nene kama blanketi, na baridi ilipozidi aliwafumia na wenzake. Darasa zima likawa linavaa soksi za Mama Selina. Kuhusu harufu, nitasema tu kwamba askofu alipotutembelea alisali kwa ufupi.

Yeye ndiye aliyenifunza kwamba mwalimu asidhani jambo lo lote linajulikana. Disketi za wakati ule zilikuwa bapa na laini, upana wa kisahani. Siku moja nikamwambia atoe yake tuendelee na kazi ya juzi. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akatoa Biblia ndogo, kisha akatoa disketi iliyokunjwa mara nne.

"Mama," nikasema, "umekunja kazi yako yote."

"Si uliniambia niiweke mahali salama? Mkoba wangu haujawahi kuibiwa."

"Haikunjwi."

Akaitazama kwa huruma. "Basi nitaipiga pasi."

Tulicheka mpaka Bwana Lagat akachungulia. Lakini nilipokwenda nyumbani nilijiuliza: nani alimwambia kwamba haikunjwi? Kitu chembamba, cheusi, ndani ya karatasi; mtu wa kawaida atakikunja. Tangu hapo nilianza kila darasa jipya kwa kuwapa wanafunzi disketi iliyokufa waichane, waone lile duara la ndani, waishike. Nanyi fanyeni hivyo. Mpeni mtu kitu kilichoharibika akichezee kabla hamjamkabidhi kizima.

Na kile kitabu kinene kilikuwa na mazoezi ya viti vya ndege. Abiria wangapi wamelipa, viti vingapi vimebaki. Katika darasa lile hakuna aliyewahi kupanda ndege, na walinakili tu kama watoto wanaoimba wimbo wa lugha wasiyoijua. Nikamuuliza Mama Selina angependa mashine imhesabie nini. Hakufikiri hata kidogo: "Maziwa. Nani ameleta, nani ametia maji." Zoezi likawa la maziwa. Wale waliotoka upande wa ziwa, watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, wakasema wao hawana ng'ombe, wanataka samaki wanaopanda kutoka Kisumu. Nikawapa samaki.

Bwana Lagat alipata wasiwasi. "Tabitha, mtihani utauliza ndege."

"Wakishajua kuhesabu ng'ombe, ndege hazitawashinda," nikamjibu, na hazikuwashinda.

Kila mashine ilikaliwa na wawili, nami niliwachanganya kwa makusudi, wa lugha hii na wa lugha ile, ili walazimike kusemezana kwa Kiswahili. Mwanzoni walikaa kama wakwe. Baadaye nikawa nasikia, "Wewe mtu wa samaki, bonyeza," na jibu, "Bonyeza mwenyewe, mtu wa maziwa ya kibuyu." Mwalimu akisikia utani wa namna hiyo darasani, na wanaotaniana wakicheka wote wawili, ajue kazi imeanza kukaa sawa.

Sasa niwaambie habari za Atieno.

Baba yake alikuwa fundi wa mashine kiwandani, mtu wa ziwa aliyehamia hapa zamani. Atieno aliugua polio utotoni. Mguu wake wa kushoto ulisimamishwa na vyuma viwili vilivyotoka pajani hadi chini, na chini vilikuwa vimefungwa ndani ya kiatu kizito cha ngozi. Kiatu na vyuma vilikuwa kitu kimoja. Siku yake ya kwanza alifika mlangoni akakisoma kibao, akasimama.

"Madam," akaniambia, "nikikivua hiki nitaingia kwa magoti."

Hakulalamika. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia.

Nikaenda kwa Bwana Lagat. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Nikimruhusu mmoja, kesho nitamwambia nini mwenye gambuti? Msichana huyu aingie darasa la taipu. Ni kazi nzuri, wewe mwenyewe umeifundisha."

Nikampelekea Atieno maneno hayo. Akatikisa kichwa.

"Madam, mimi nimeona ofisi. Mtu wa taipu anatumwa. Leta faili, peleka chai kwa bosi, kimbia posta. Mwezi wa kwanza watanihurumia, mwezi wa pili watatafuta mwenye miguu. Lakini kompyuta haitembei. Anayeikalia, watu ndio wanamfuata."

Kwa miaka yote niliyofundisha taipu, sikuwahi kuiona ofisi kwa jicho hilo. Na utaratibu wa chuo ulikuwa wazi: asiyeshika mashine kwa mkono wake hapewi cheti cha kompyuta, na muhula ukifika katikati naye hana nafasi kwenye mashine, anahamishiwa taipu. Kwa hiyo kilichokuwa kimekwama pale mlangoni ni kazi ya maisha yake.

Nilimchorea kibodi kwenye kadibodi. Alikaa kwenye ujia karibu na dirisha, akabonyeza kadibodi yake, na Mama Selina, aliyekuwa karibu na dirisha hilo upande wa ndani, akawa anabonyeza vile vile kwenye mashine na kumwambia kilichotokea.

"Nimeandika RUN ili ianze kazi, Mama. Inasema nini?"

"Inasema nimekosea."

"Mimi au wewe?"

"Sisi wote, msichana wangu. Hii kitu haina upendeleo."

Halafu siku moja Mama Selina alikwenda ofisini kwa Bwana Lagat na kifurushi. Nilikuwemo. Ndani yake kulikuwa na soksi kubwa ajabu, imefumwa kwa sufu ya buluu kama zulia, na chini yake imeshonewa kitambaa cha gunia.

"Mzee," akasema, "hii ni soksi ya kiatu. Anaingiza kiatu chote na vyuma, nafunga hapa juu kwa kamba. Vumbi halipiti. Mimi ni mtu wa maziwa, najua kuchuja."

Bwana Lagat akaigeuza ndani nje, akaivuta, akaiweka mwangani. Nikaona uso wake ukilegea. "Aingie," akasema.

Atieno aliingia, akaketi kando ya Mama Selina, akaweka vidole juu ya kibodi ya kweli bila kubonyeza. Halafu akabonyeza kimoja, akaniuliza mbona ni ngumu kuliko kadibodi.

Ningependa kuwaambia mambo yaliishia hapo. Wiki ile ile upepo wa kiangazi ulizidi kukauka, na mashine zikaanza kuganda. Mtu anaandika, mara skrini inasimama, hakuna kitufe kinachosikia, na kazi yote imepotea. Ilianza moja, ikafuata nyingine. Bwana Lagat alizifungua, akazipuliza, akazifunga, akaomba. Zikaganda tena.

Kijana mmoja wa darasa lile, Kiprono, mtoto mwema lakini ulimi wake ulikuwa ukimtangulia, akasema mbele ya wote: "Kabla ya hiyo chuma kuingia, mashine zilikuwa sawa."

Mwingine akasema huenda chuma kinavuta kitu ndani ya kompyuta. Mwingine akasema vumbi limejificha kwenye bawaba za goti. Mama Selina akawaambia wanyamaze, lakini neno likishatoka limetoka. Bwana Lagat alimwita Atieno akamwomba akae nje kwa muda, mpaka tujue. Aliomba kwa upole sana. Ila sote tunaijua "kwa muda" ya mtu mwenye ofisi. Atieno alifungua kamba ya soksi ile, akaikunja vizuri, akamrudishia Mama Selina, akarudi kwenye kadibodi yake. Katikati ya muhula ilikuwa imekaribia.

Mashine hazikuacha kuganda. Naye yuko nje, ziliganda zaidi, na zaidi ya zote ile ya Mama Selina.

"Madam, njoo uone," akaniita. "Hii kitu inauma."

"Inauma vipi?"

"Kama siafu. Nikiigusa, tik."

Nikaburuta miguu yangu mpaka pale, nami nilikuwa nimevaa soksi zake, nikaunyosha mkono. Tik. Nikaiona cheche ndogo ikiruka toka kidoleni kwangu, na skrini ikasimama.

Bwana Lagat alikwenda posta siku hiyo hiyo akampigia simu mtaalamu wa Nairobi. Alitusimulia baadaye, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli hakuacha neno. Mtaalamu alimuuliza sakafuni kuna nini. Zulia la nailoni. Na watu wanavaa nini miguuni? Soksi za sufu. Mtaalamu akacheka mpaka Bwana Lagat akahofia sarafu zake zitaisha.

"Mzee," mtaalamu akamwambia, "sufu ikisuguana na hilo zulia wakati wa ukavu, mnatengeneza stima. Kila mwanafunzi wako ni betri. Wavae viatu. Na kabla ya kugusa mashine, washike chuma kwanza, ili ile stima iende zake."

Hili lichukueni kama fundisho la kazi, maana halijazeeka: kabla hujafungua mashine na kuigusa ndani, shika chuma tupu kwanza. Nimeona vijana wenye vyeti vikubwa wakiua vifaa vya gharama kwa kidole kimoja kikavu.

Bwana Lagat alipotuambia haya darasani, tulicheka sote, na Mama Selina alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso. Kisha kicheko kikapungua, kwa sababu kila mmoja alikuwa amegeuka kutazama dirishani. Kiprono akainuka akaushika mlango.

"Ingia, Atieno," akasema. "Tumeambiwa tushike chuma kwanza. Wewe ndiye unacho."

"Shika mguu wa meza," Atieno akamjibu. "Hiki ni changu."

Darasa likacheka tena, na Kiprono akacheka kuliko wote, kwa aibu. Lakini Atieno hakuingia. Alisimama pale kizingitini, akamtazama Bwana Lagat.

"Bwana Prinsipali, nina swali."

"Uliza, binti yangu."

"Na kama ingekuwa ni kiatu changu kweli?"

Hapakuwa na jeuri katika sauti yake. Alitaka kujua tu. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya ubao, nikahisi swali lile likinipita na kutua kwa kila mmoja wetu. Maana tulikuwa tumefurahi kwamba hakuwa na kosa. Yeye alikuwa akiuliza mahali pake ni wapi siku atakapokuwa nalo.

Bwana Lagat alivaa miwani, akaivua. "Ingia kwanza," akasema. "Darasa limeanza." Akatoka.

Atieno akaingia, kwa sababu alilitaka somo. Alifanya zoezi la samaki lote bila kuinua macho.

Siku ile sikumsemesha Bwana Lagat. Nilimjua. Alikuwa mtu asiyetoa neno zito kabla hajalipeleka kwa Mungu kwanza, nami nimeishi kujifunza kungoja watu wa namna hiyo. Wengi wetu tunajibu upesi ili tuondokane na swali.

Asubuhi iliyofuata tulikusanyika kwa sala kama kawaida, walimu mbele, wanafunzi nyuma. Alisoma Zaburi, tukaimba. Halafu hakutuambia tuketi.

"Jana niliulizwa swali," akasema, "nikalikimbia. Atieno uko wapi?"

"Niko hapa."

"Kama ingekuwa kiatu chako, tungefagia."

Basi. Akafunga Biblia, akaenda chumba cha kompyuta, akapiga magoti na kuanza kulikunja lile zulia toka pembeni. Tulimkuta huko. Vijana wakamsaidia, zulia likatolewa, likapelekwa kwa watoto wa shule ya Jumapili ambao hawakuwa na kitu cha kugusa isipokuwa wao kwa wao. Sakafu ya saruji ikapakwa rangi nyekundu, kibao kikang'olewa, na tangu siku hiyo kila asubuhi kabla ya somo mmoja wetu alifagia, kisha akapiga deki kwa kitambaa kibichi ili vumbi lisiruke. Zamu ya kwanza alifanya Bwana Lagat mwenyewe, na baada ya kustaafu bado alikuwa akija siku moja moja, anachukua ufagio bila kumuuliza mtu.

Zamu ya Atieno ilipofika, Kiprono alitaka kumfagilia. Alikuwa amejifunza kitu, ila bado hakuwa amejifunza chote.

"Kaa mlangoni hapo," Atieno akamwambia, "utaniletea vumbi."

Akafagia polepole, upande mmoja kisha mwingine, vyuma vikigonga saruji, nasi tukangoja nje na viatu vyetu miguuni mpaka alipotuambia tuingie. Cheti chake alikipata. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Alikuwa mahali fulani katikati, kama watu wengi. Chama cha wakulima cha Burnt Forest kikamwajiri, na huko, nilivyoambiwa na Mama Selina, wenye viazi na wenye maziwa walikuwa wakipanga foleni mbele ya meza yake.

Nami sasa nawaweka mikononi mwa Bwana, ninyi mnaosoma haya. Awape subira na wanaochelewa, na masikio ya kusikia swali linaloulizwa kwa sauti ndogo kizingitini. Vidole vyenu avipe kazi ya halali, nyumba zenu azipe amani, na po pote mtakapoketi kujifunza, asikosekane wa kuwasogezea kiti. Amina.